Nyota na Bahati: Unajimu, Waaguzi wa Ilaiser na Kisa cha Kileken

Laiser Hill, katika Kaunti ya Kajiado, ina jina ambalo pia ni la mojawapo ya koo za Wamaasai, Ilaiser. Ndani ya ukoo huo imo nasaba ya Inkidongi, watoao waaguzi waitwao iloibonok. Simulizi mojawapo ya asili yao husema kwamba mtoto wa ajabu aliokotwa na watu wa Ilaiser katika vilima vya Ngong, na katika kizazi chake wakatoka waaguzi mashuhuri, miongoni mwao Mbatiany na mwanawe Olonana, aliyefariki mwaka 1911. Kwa kuwa watu hawa walisifika kwa kutabiri, ni rahisi kuwaita wanajimu. Wepesi huo ndio unaostahili kuchunguzwa.

Unajimu, kwa maana yake mahususi, ni imani kwamba mahali pa jua, mwezi na sayari hudhihirisha mambo ya wanadamu. Huko Babiloni, ishara za mbinguni zilisomwa kwanza kwa ajili ya mfalme na nchi yake. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo njia ya jua iligawanywa katika sehemu 12 zilizo sawa, na mtu binafsi naye akaanza kutabiriwa kwa siku aliyozaliwa. Wayunani waliurithi utaalamu huo. Ptolemy akaupanga kitabuni mjini Alexandria katika karne ya 2 baada ya Kristo. Wahindi waliuunganisha na hesabu yao ya vituo vya mwezi, na wanazuoni wa Baghdad, kama Abu Ma'shar aliyefariki mwaka 886, wakaueneza kwa Kiarabu.

Kwa njia ya lugha hiyo uliingia pwani ya Afrika Mashariki. Majina ya buruji yanashuhudia safari hiyo: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, na kuendelea hadi Hutu. Hata hivyo, pwani haikupokea tu, bali iliendeleza pia desturi yenye kumvutia mhakiki wa fasihi. Herufi za jina la mtu na la mama yake hupewa thamani za tarakimu kwa hesabu ya abjadi. Jumla hugawanywa kwa 12, na baki huonyesha buruji yake. Hapa nyota ya mtu haitafutwi angani, bali husomwa katika maandishi. Magazeti na redio zilipokuja, elimu hii ilipata hadhira pana, na Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2011, akawa mnajimu aliyejulikana kote katika kanda hii. Hivyo neno nyota likazoeleka kwa maana ya bahati au majaaliwa, na Kiswahili kikalibeba hadi bara.

Uwandani mambo yalikuwa tofauti. Oloiboni hupiga bao kwa kokoto zitolewazo katika kibuyu au pembe, akazihesabu na kuzifasiri. Chombo chake si anga. Anga ilisomwa kwa haja nyingine. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu Wamaasai, aliandika kwamba nyota sita waliziona zikifuatana kama ng'ombe, na zilipotoweka machweo walijua kwamba mvua kubwa imekwisha. Nyota zizo hizo Waswahili huziita Kilimia, jina litokanalo na kulima. Mfugaji aliona kundi. Mkulima alisikia wito wa jembe. Wote wawili walisoma majira, wala hawakusoma majaaliwa ya mtu.

Tofauti hii ina uzito katika uhakiki. Katika kisa cha Kileken, alichokisimulia upya mwandishi Mtanzania Tololwa Mollel katika kitabu cha watoto cha mwaka 1990, mzee asiye na mtoto anagundua kwamba nyota moja haipo angani. Mara mvulana yatima anafika kwake. Wakati wa ukame ng'ombe wananenepa mikononi mwa kijana huyo, kwa sharti kwamba siri yake isichunguzwe. Mzee anamnyemelea, na Kileken anarudi mbinguni kuwa sayari ya Zuhura, inayoonekana alfajiri wakati wa kupeleka mifugo malishoni na jioni wakati wa kukamua.

Msomaji aliyezoea nyota ya bahati atasema mzee alipoteza nyota yake. Usomaji huo unamwondolea mzee hatia, kwani bahati huja na kwenda pasipo kuulizwa. Lakini kisa kinamtaka awajibike: alipewa mwana, akavunja ahadi. Zuhura haimtabirii lolote. Humkumbusha, kila alfajiri na kila jioni inapoonekana, kazi iliyokuwa ikifanywa na mtoto asiyeaminiwa.

Basi historia ya unajimu haimfai mhakiki kwa kumwonyesha tu kwamba kila kaumu ilitazama juu. Inamfunza kuuliza kila kaumu ilitazama ili ijue nini. Asipouliza hivyo, neno moja la Kiswahili, lenye urithi mrefu wa Babiloni na Baghdad, litafunika maana ambayo wasimulizi wa uwandani waliiweka katika nyota ile ile.