Ruzuku za utunzaji wa programu huria za intaneti

Ruzuku za utunzaji wa programu huria za intaneti ni fedha zinazotolewa na mifuko, serikali au makampuni ili kuwalipa watu wanaotunza programu huria zinazoiwezesha intaneti kufanya kazi. Fedha hizo si mkopo, na mtoaji hapati hisa. Anayezipokea huwajibika kufanya kazi aliyoieleza katika maombi yake na kutoa matokeo kwa leseni huria, ili mtu yeyote aweze kuyatumia.

Ruzuku za namna hii ni muhimu kwa sababu programu za miundombinu hutumiwa na watu wengi sana lakini hazina mnunuzi. Nchi kama Tanzania inazitegemea kila siku, ingawa waombaji wengi wa ruzuku hizo hutoka Ulaya na Marekani.

Programu za miundombinu ni zipi

Programu huria ni programu ambayo msimbo chanzo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Baadhi hutumiwa na watu moja kwa moja, kama kivinjari cha Firefox. Nyingine hufanya kazi ndani ya seva na ruta, na mtumiaji wa kawaida hazioni. Hizo ndizo huitwa programu za miundombinu.

Kwa mfano, mwanafunzi wa Mbagala katika wilaya ya Temeke anapofungua kwa simu tovuti ya chuo inayoishia na .ac.tz, simu yake huanza kwa kuuliza anwani ya namba ya tovuti hiyo. Swali hilo hujibiwa na seva za mfumo wa majina ya vikoa (DNS). Nyingi kati ya seva hizo duniani huendeshwa kwa programu huria kama BIND, NSD na Unbound. Kisha ruta huchagua njia ya kupitisha data. Katika vituo vingi vya kubadilishana data duniani, taarifa za njia hizo husambazwa na programu huria iitwayo BIRD. Mawasiliano yenyewe hufichwa yasisomwe na wengine, na kazi hiyo mara nyingi hufanywa na maktaba ya programu iitwayo OpenSSL. Mwishoni seva ya chuo, ambayo aghalabu hutumia Linux, hutuma ukurasa ulioombwa. Mwanafunzi hulipia bando tu. Waliotengeneza programu hizo hawapati sehemu ya malipo hayo.

Utunzaji ni kazi inayoendelea baada ya programu kutengenezwa: kurekebisha hitilafu, kuziba mianya ya usalama, kukagua msimbo unaoletwa na watu wengine, kuandika maelezo ya matumizi na kutoa matoleo mapya. Kazi hiyo haina mwisho maadamu programu inatumika.

Historia

Programu nyingi za miundombinu zilianzia vyuoni. BIND iliandikwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fedha za utafiti za serikali ya Marekani ziligharimia sehemu ya kazi hizo za mwanzo. Baadaye programu hizo zilibaki mikononi mwa mashirika madogo na watu wanaojitolea.

Uholanzi ilikuwa na mfano wa mapema wa mfuko maalumu. NLnet, iliyokuwa imeanzisha huduma za intaneti nchini humo, iliuza biashara yake kwa kampuni ya UUNET mwaka 1997. Fedha za mauzo zilibaki katika taasisi yake isiyo ya kibiashara, ambayo ilianza kuzitoa kama ruzuku. Mwaka 1999 ilianzisha NLnet Labs, maabara iliyotengeneza NSD na Unbound.

Dunia ilianza kulizungumzia tatizo hili kwa upana mnamo Aprili 2014, ulipotangazwa mwanya wa usalama katika OpenSSL uliopewa jina la Heartbleed. Mwanya huo uliwaruhusu wavamizi kusoma sehemu za kumbukumbu za seva, pamoja na nywila. Ulikuwa umekaa ndani ya programu hiyo kwa takriban miaka 2 bila kugunduliwa. Ndipo ilipofahamika kwamba mradi uliolinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote. Mwezi huohuo Linux Foundation pamoja na makampuni makubwa ya teknolojia walianzisha mfuko wa Core Infrastructure Initiative. Miongoni mwa malipo yake ya kwanza yalikuwa ya kuajiri wataalamu wawili wa OpenSSL.

Matukio mengine yalifuata. Desemba 2021 uligunduliwa mwanya mkubwa katika Log4j, maktaba iliyotunzwa na watu wachache waliojitolea. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba mlango wa siri ulikuwa umeingizwa katika programu ya kubana mafaili iitwayo xz. Alianza kushuku alipoona kuingia kwenye seva kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Aliyeuweka mlango huo alikuwa ametumia zaidi ya miaka 2 kujenga uaminifu kwa kumsaidia mtunzaji wa programu, ambaye alikuwa akijitolea na alikuwa amechoka. Tukio hilo lilionyesha kwamba uchovu wa mtunzaji mmoja unaweza kuhatarisha usalama wa dunia nzima.

Watoaji wa ruzuku

* NLnet (Uholanzi): tangu mwaka 2018 imesimamia pia mifuko ya NGI Zero iliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya. Mwombaji wa mara ya kwanza katika mifuko hiyo aliweza kuomba kati ya euro 5,000 na 50,000. Mtu binafsi anaruhusiwa kuomba.
* Sovereign Tech Fund (Ujerumani): ulianzishwa mwaka 2022 kwa fedha za serikali. Huzingatia hasa utunzaji wa programu ambazo tayari zinategemewa na wengi, na kiasi chake huanzia euro 50,000. Umefadhili, miongoni mwa mingine, miradi ya curl na GNOME.
* Open Technology Fund (Marekani): ilianza mwaka 2012 na hufadhili programu za usalama na uhuru wa mawasiliano.
* ICANN: shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani lilifungua programu yake ya ruzuku mwaka 2024, likitenga dola milioni 10 kwa awamu ya kwanza. Ruzuku hizo hutolewa kwa mashirika yaliyosajiliwa, si kwa mtu binafsi.
* AFRINIC: shirika lenye makao nchini Mauritius linalogawa anwani za intaneti barani Afrika. Kupitia mpango wake wa FIRE limewahi kutoa ruzuku na tuzo kwa miradi ya intaneti ya Kiafrika.

Nchini Tanzania kuna Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia (MTUSATE), unaosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Mfuko huo unahusu utafiti na ubunifu kwa jumla, si utunzaji wa programu za intaneti pekee.

Hali nchini Tanzania

Jina la kikoa cha nchi, .tz, lilisimamiwa kwanza na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2006 ilianzishwa tzNIC, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoundwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) pamoja na chama cha watoa huduma za intaneti (TISPA), na mwaka 2010 ilikabidhiwa rasmi kikoa hicho. Ili kuendesha rejista, tzNIC ilichagua FRED, programu huria iliyotengenezwa na CZ.NIC, msimamizi wa kikoa cha Jamhuri ya Cheki. Tanzania haikulazimika kununua leseni ya gharama kubwa wala kuandika programu yake tangu mwanzo. Kwa upande mwingine, rejista iliyobeba majina ya benki, vyuo na ofisi za serikali iliegemea kazi ya watunzaji walio Prague. CZ.NIC ndiyo inayotunza BIRD pia.

Kituo cha kubadilishana data cha Tanzania (TIX) kilianza Dar es Salaam mwaka 2004. Kabla yake, barua pepe kati ya wateja wa makampuni mawili jijini humo iliweza kupita Ulaya au Marekani kwa setilaiti ndipo irudi Dar es Salaam. Nchini Kenya kituo cha KIXP kilianza mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Vituo hivyo vilipunguza gharama na ucheleweshaji.

Katika manispaa ya Kinondoni, eneo la Kijitonyama lina taasisi mbili zinazohusika na jambo hili: COSTECH, yenye kituo cha ubunifu cha Buni kilichoanzishwa mwaka 2011, na ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wataalamu wa chuo hicho wameshiriki tangu mwanzo wa miaka ya 2000 katika mtandao wa HISP unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Mtandao huo ndio uliotengeneza DHIS2, programu huria ya takwimu za afya inayotumika Tanzania na nchi nyingine nyingi. DHIS2 si programu ya miundombinu ya intaneti, lakini inaonyesha namna utunzaji unavyoweza kulipiwa kwa miaka mingi: wafadhili kadhaa, likiwemo shirika la misaada la Norwei (Norad), hugharimia kikosi cha kudumu, na vyuo vya nchi zinazoitumia hufundisha wataalamu wake.

Namna ya kuomba

Maombi ya utunzaji hutofautiana na maombi ya ubunifu. Katika ubunifu mwombaji huonyesha jambo jipya. Katika utunzaji huonyesha kwamba jambo lililopo linategemewa, na nini kitatokea likiachwa. Kwa kawaida andiko hujibu maswali haya:

1. Programu inafanya nini, na nani anaitegemea? Ushahidi unaweza kuwa idadi ya programu nyingine zinazoitumia au taasisi zinazoiendesha.
2. Mwombaji ana uhusiano gani na mradi? Asiye mtunzaji mkuu huhitaji kuonyesha michango yake iliyokwisha kukubaliwa na ridhaa ya watunzaji.
3. Kazi gani itafanyika? Maelezo kama «kuboresha usalama» hayatoshi. Hatua iliyo wazi ni kama kuongeza majaribio ya kiotomatiki kwa sehemu fulani, au kufunga hitilafu zilizoorodheshwa.
4. Gharama ni kiasi gani? Bajeti huonyesha saa za kazi na kiwango cha malipo kwa kila hatua. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kujumuisha gharama halisi za intaneti na umeme wa akiba, mradi azieleze.
5. Fedha zikiisha, nani ataendelea?

Mifuko kama NLnet huanza na fomu fupi, kisha wakaguzi huuliza maswali kabla ya kuamua. Ikikubali, pande mbili huandikiana makubaliano yenye hatua za kazi, na malipo hutolewa kila hatua inapokamilika. Hivyo mpokeaji anahitaji kuwa na akiba ya kujikimu kabla ya malipo ya kwanza.

Njia ya kawaida ya kujenga sifa ni kuanza na michango midogo: kurekebisha maelezo, kutafsiri, kuripoti hitilafu kwa usahihi, kisha kutuma marekebisho ya msimbo. Mpango wa Google Summer of Code, ulioanza mwaka 2005, na ule wa Outreachy huwalipa wachangiaji wapya wanaofanya kazi chini ya walezi wa miradi.

Vikwazo kwa waombaji wa Afrika Mashariki

Kikwazo cha kwanza ni masharti. Baadhi ya mifuko ya Ulaya hutaka mradi uonyeshe faida kwa Ulaya, na mingine hupokea mashirika tu. Mwombaji asiye na shirika anaweza kutumia mdhamini wa kifedha, yaani taasisi inayopokea fedha na kuzitunza kwa niaba ya mradi. Mifano ni Software in the Public Interest, iliyoanzishwa mwaka 1997, na Software Freedom Conservancy ya mwaka 2006.

Cha pili ni usajili. Nchini Tanzania kampuni na majina ya biashara husajiliwa na BRELA, na mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2002. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika hayo kueleza hadharani chanzo na matumizi ya fedha yanazopokea. Mpokeaji huhitaji pia namba ya mlipakodi na akaunti ya benki inayoweza kupokea fedha za kigeni.

Cha tatu ni lugha na muda. Maandiko karibu yote huandikwa kwa Kiingereza, na sifa ya mtunzaji hujengwa kwa miaka ya kazi isiyolipwa. Mwanafunzi anayelazimika kutafuta kipato mapema hupata shida kuvumilia kipindi hicho.

Ukosoaji

Ruzuku nyingi ni za mwaka mmoja au miwili, ilhali utunzaji hauishi. Watunzaji hutumia muda kuandika maombi na ripoti badala ya kurekebisha programu. Ruzuku zinazotegemea serikali moja zinaweza pia kukatizwa ghafla: Machi 2025 Open Technology Fund iliarifiwa kwamba fedha zake zimesitishwa na serikali ya Marekani, ikalazimika kwenda mahakamani.

Kwa sababu hiyo wengine hupendekeza kwamba wanaonufaika walipe mara kwa mara: makampuni ya simu, benki na taasisi za serikali zitenge sehemu ya bajeti zao kwa ajili ya programu wanazotumia, au ziwaruhusu wahandisi wao kuzitunza wakati wa kazi. Katika mpango huo mhandisi wa Temeke au Kinondoni hasubiri mfuko wa nje. Mwajiri wake ndiye mfadhili.

Tazama pia

* Programu huria
* Mfumo wa majina ya vikoa
* .tz
* Linux