Mikrokontrola, au kidhibiti pachikwa

Kwenye ploti za kupangisha za Nyamasaria, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Nairobi, mpangaji hununua tokeni kwa simu, akabonyeza tarakimu 20 kwenye mita, stima ikarudi. Mita haijamuuliza mtu yeyote kama pesa zimelipwa. Ndani yake mna chipu inayofumbua tarakimu hizo kwa ufunguo wake wa siri, ikahakiki kwamba ni za mita hii na hazijawahi kutumika, ndipo iongeze yuniti. Hiyo ndiyo mikrokontrola.

Wako wanaoiita kompyuta ndogo, na wanapotosha. Kweli ina kichakataji, kumbukumbu na njia za kupitishia ishara, vyote kwenye silikoni moja. Lakini haifungui picha leo na hesabu kesho: imepewa programu moja, nayo huirudia mpaka mita itupwe. Texas Instruments ilianza kuuza TMS1000 mwaka 1974; siku hizi zipo zisizofika dola moja, basi zimejaa kwenye rimoti, mashine za kufulia na mitambo ya sola ya kampuni ya M-KOPA, inayojifunga malipo yakichelewa.

Wengine husema “kidhibiti kidogo”. Neno kidhibiti halina ugeni: Wakenya wamelizoea kwenye vidhibiti mwendo, tangu kanuni za Waziri wa Uchukuzi Michuki zilipozifunga matatu kwenye kilomita 80 kwa saa mwaka 2004. Kasoro ni hilo “kidogo”, linalotaja umbo na kuacha kazi. Mimi ningeiita mikrokontrola ikiwa bado dukani. Ikishalehemiwa ndani ya kifaa, iwe kidhibiti pachikwa. Kupachikwa ndiko kunakoitofautisha, kwa faida na kwa taabu.

Taabu ilionekana 2024. Kila tokeni ilibeba muda iliponunuliwa, kwa dakika zilizohesabiwa tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ilikuwa biti 24 tu. Hizo hutosha dakika 16,777,216, nazo zilikuwa zinakwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo mita ambayo haijarekebishwa ingekataa tokeni mpya. Simu ingeletewa sasisho hewani, mwenyewe amelala. Mita nyingi hazina mawasiliano hayo, kwa hiyo Kenya Power iliwapa wateja mafungu mawili ya ziada, tarakimu 20 kila moja, wayabonyeze wenyewe kabla ya tokeni ya kawaida.