Stadi za msingi za uuguzi zinazomlinda mgonjwa wodini

Na Mwandishi Wetu, Bunda

MGONJWA aliyelazwa hospitalini humwona daktari kwa dakika chache tu kwa siku. Saa zinazobaki, usiku na mchana, huwa mikononi mwa muuguzi. Kwa sababu hiyo, usalama wake hutegemea kwa kiasi kikubwa mambo yanayoonekana madogo: mikono iliyonawishwa, jina lililoulizwa vizuri na kipimo kilichoandikwa kwa wakati.

Mji wa Bunda mkoani Mara uko kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma, kati ya Ziwa Victoria na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wagonjwa wa eneo kama hili ni wa aina nyingi: watoto wenye malaria kali na upungufu wa damu, wajawazito, wavuvi na majeruhi wa ajali za barabarani. Muuguzi mmoja anaweza kuwahudumia wote hao katika zamu moja.

Nchini, taaluma hiyo inasimamiwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, inayomtaka muuguzi awe amesajiliwa na kupewa leseni kabla ya kufanya kazi.

Kunawa mikono

Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis wa hospitali moja mjini Vienna, Austria, aliwaagiza madaktari na wanafunzi wake kuosha mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwapima wazazi. Vifo vya wanawake vilivyotokana na homa ya uzazi vilishuka sana.

Leo Shirika la Afya Duniani (WHO) linataja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuchoma sindano au kufunga kidonda, baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Kwa maji na sabuni kazi hiyo huchukua sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono, sekunde 20 hadi 30. Glavu haziondoi ulazima huo.

Jina na dawa

Katika wodi za Mara si ajabu kukuta akina Wambura wawili au akina Magesa watatu. Muuguzi akiuliza, “Wewe ni Magesa?” mgonjwa mwenye homa au mzee asiyesikia vizuri anaweza kuitikia tu. Njia salama ni kumwomba ataje mwenyewe majina yake kamili, kisha kuyalinganisha na umri au namba iliyo kwenye jalada.

Baada ya hapo muuguzi hujihakikishia mambo matano: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kipimo sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Aidha, huuliza iwapo mgonjwa amewahi kudhuriwa na dawa yoyote, na huandika mara baada ya kutoa dawa, wala si kabla. Dawa isiyoandikwa inaweza kutolewa tena na muuguzi wa zamu inayofuata.

Joto, mapigo na pumzi

Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo ya moyo huwa 60 hadi 100 kwa dakika na pumzi 12 hadi 20. Pumzi huhesabiwa kwa dakika nzima. Kwa mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida, pumzi 50 au zaidi akiwa na umri wa miezi miwili hadi 11, au 40 au zaidi akiwa na mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya hatari inayoweza kuashiria nimonia.

Kipimo kimoja peke yake hakitoshi. Mzazi aliyejifungua ambaye mapigo yake yanapanda huku shinikizo la damu likishuka anaweza kuwa anavuja damu, hata kama bado anazungumza vizuri.

Damu na sindano

Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye wagonjwa wengi wa selimundu, na malaria nayo hupunguza damu ya watoto. Kabla ya kuongeza damu, wahudumu wawili hulinganisha jina, namba na kundi la damu. Muuguzi hukaa karibu na mgonjwa kwa dakika 15 za mwanzo. Akitetemeka, akiwashwa, akiumwa mgongo au akishindwa kupumua, damu husimamishwa mara moja na daktari huitwa.

Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko. Hutupwa papo hapo kwenye boksi lake maalumu, ambalo hufungwa linapojaa robo tatu. Mhudumu aliyejichoma hutakiwa kutoa taarifa bila kuchelewa, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72.

Nafasi ya ndugu

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia. Katika hospitali nyingi ndugu husaidia kazi hiyo pamoja na kulisha na kuogesha, na muuguzi ana wajibu wa kuwaelekeza. Hata hivyo, kutoa dawa, kurekebisha kasi ya dripu na kupima hali ya mgonjwa si kazi za ndugu.

Kwa upande wao, ndugu wanashauriwa kueleza dawa zote alizotumia mgonjwa, zikiwamo za mitishamba, na kumwita muuguzi mara wanapoona mabadiliko. Wana haki pia ya kuuliza dawa inayotolewa ni ipi na ni ya nini. Swali hilo huweza kugundua kosa kabla dawa haijaingia mwilini.