Ukumbi wa Nguzo, Msikiti-Kanisa Kuu la Córdoba

Uliposimama ni sehemu kongwe kuliko zote za jengo hili. Amiri Abd al-Rahman I alianza kujenga msikiti mwaka 785, na watawala waliomfuata wakaupanua kwa takriban miaka mia mbili.

Nguzo zilizobaki ni 856. Zisogelee: hii ya marumaru, ile ya itale, na vichwa vyake havilingani, kwani nyingi za upande huu zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na Wavisigothi. Zilikuwa fupi mno kwa dari iliyokusudiwa. Mafundi wakapandisha tao juu ya tao, matofali mekundu yakipokezana na mawe meupe. Shida ya kimo ndiyo iliyozaa uzuri huu.

Mwaka 1236 Mfalme Fernando III aliuteka mji, na msikiti ukawa kanisa. Kuanzia 1523 kanisa kuu lilijengwa katikati ya nguzo, ingawa baraza la mji lenyewe lilipinga vikali.

Usikose mihrabu, upande wa kusini, yenye mozaiki za dhahabu zilizotiwa na fundi kutoka Bizanti. Misa bado husaliwa humu. Tafadhali punguza sauti.