Bibo, Uraka, na Divai ya Kuweka

Katika kitabu hiki cha yubile wasomaji watakuta habari nyingi za makanisa, za shule, na za watu waliotutangulia. Sisi tumeona vema kuandika habari za tunda moja ambalo kila mtoto wa Makote, Newala na Masasi hulikanyaga njiani, nalo ni bibo. Maana historia ya nchi haimo katika majengo tu. Imo pia katika vyungu vya nyumbani.

Mkorosho si mti wa asili ya nchi yetu. Wareno waliuleta pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16, wakiutoa Brazil. Ulipofika katika uwanda wa Wamakonde ulikuta nchi iliyoufaa, yenye mchanga na jua, lakini isiyo na mito. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani walishuka mabondeni kuteka maji, kisha wakapanda tena mteremko na mitungi kichwani. Nayo mabibo huanza kuiva mwezi wa Septemba, yakaendelea hata Desemba, yaani katika kiangazi, wakati maji yalipokuwa haba kabisa. Basi si ajabu kwamba watu walilipenda tunda lenye maji mengi namna hii.

Ndipo ulipotokea uraka. Mabibo hukamuliwa, maji yake huachwa chunguni, na hamira ya asili iliyo katika ganda la tunda huigeuza sukari kuwa kileo. Kazi hiyo ni ya siku moja au mbili tu. Lakini uraka hauna kesho: ukikaa zaidi huwa mkali, na mwisho wake ni siki. Kwa hiyo uliotengenezwa leo hauna budi kunywewa leo, nao huja katika majira yale yale ya kuuza korosho, fedha zikiwa mkononi. Kila mwalimu ajua watoto wangapi hukosa daftari kwa sababu hiyo.

Watu walitafuta njia ya kuuweka. Waliyoiona ni moto: kuuchemsha uraka, kuupitisha mvuke wake katika bomba, na kuukinga matone yake. Hiyo ndiyo nipa, au gongo. Huko Goa katika Bara Hindi, ambako Wareno walipeleka mkorosho vilevile, kinywaji kinachotoka motoni mara ya kwanza huitwa urak, jina lililo jirani na uraka wetu na la araki ya Waarabu. Kikivukizwa tena huitwa feni. Nacho mwaka 2009 kilipewa ulinzi wa sheria, mtu wa nchi nyingine asilitumie jina hilo.

Lakini Wareno hao hao walikuwa na njia nyingine ya kuweka, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza. Katika bonde la mto Douro hutengenezwa divai iitwayo kwa jina la mji wa Porto. Baada ya mapatano ya mwaka 1703 kati ya Uingereza na Ureno, divai hiyo iliingia Uingereza kwa kodi ndogo kuliko ya Ufaransa, ikasafirishwa kwa wingi. Wafanya biashara walitia ndani yake pombe kali kidogo, isiharibike baharini. Mwaka 1756 serikali ya Ureno iliweka mipaka ya mashamba yaliyoruhusiwa kuitengeneza. Baadaye ikawa desturi kuitia pombe kali divai ikiwa bado inachacha: hamira hufa, sukari iliyosalia hubaki, na divai huwa tamu na yenye nguvu, yapata sehemu 20 katika 100. Divai ya namna hii huweza kukaa miaka mingi.

Na sisi twajua shida ya divai na safari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipowaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, vitu vya ng'ambo vilishushwa Lindi, vikachukuliwa kichwani hata bara. Divai ya Komunyo ilikuwa mojawapo ya vitu ambavyo nchi haikuweza kutoa, kwa maana kanuni yataka iwe ya zabibu. Leo zabibu hulimwa Dodoma, katika nchi yetu wenyewe. Basi tuseme wazi, mtu asikosee: divai ya bibo haiingii altareni. Ni kitu cha mezani.

Tena sharti tutaje hatari. Kuvukiza pombe nyumbani bila leseni ni kosa, na sheria yake ilitungwa mwaka 1966. Wala si sheria tu. Bomba lililounganishwa kwa risasi hutia sumu, na wauzaji wabaya huongeza methanoli, ambayo hupofusha macho na kuua. Mwezi wa Novemba 2000, huko Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Basi atakayeigiza divai ya Porto asitie gongo kamwe. Anunue dukani pombe kali isiyo na rangi wala harufu ya matunda, iliyotengenezwa kwa leseni, ya nguvu ya sehemu 40 katika 100.

Anayeanza na afanye hivi. Achume mabibo mabivu siku ile ile, yasiyooza. Aondoe korosho kwa uangalifu, maana mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Ayaoshe, ayakamue, ayachuje kwa kitambaa kilichochemshwa. Ili kuondoa ukakasi, atie maji ya mchele uliopikwa yaliyopoa, kikombe kimoja kwa lita 4, akoroge, aache yatulie. Ukakasi hushuka chini pamoja na utando, naye amimine yaliyo safi.

Kwa kila lita atie gramu 100 za sukari, na kwa chombo chote nusu kijiko cha chai cha hamira ya mkate. Chombo kiwe cha kioo au cha plastiki ya chakula, si cha chuma wala shaba, kwa sababu tunda hili lina uchachu. Asikijaze, wala asikifunge kabisa, maana hewa inayotoka huweza kukipasua. Apitishe mrija mwembamba kutoka kwenye kifuniko hata ndani ya kikombe cha maji. Akiweke kivulini.

Baada ya siku 10 au 14 mapovu yatakoma, na divai itakuwa yapata sehemu 12 katika 100. Aimimine polepole, aache mashapo. Wenyeji wa Douro hukatiza kuchacha katikati kwa pombe ya sehemu 77. Lakini kwa pombe ya dukani ingehitajika nyingi mno. Kwa hiyo tungoje iishe kuchacha, ndipo tutie lita 1 ya pombe ile kwa lita 4 za divai. Nguvu yake itakuwa kati ya sehemu 17 na 18. Hapo hamira haifanyi kazi tena, nasi twaweza kutia gramu 80 hata 100 za sukari kwa kila lita bila kuogopa chupa kupasuka. Chupa zijazwe, zifungwe, ziwekwe gizani miezi 6 isiyopungua. Kipimo chake ni kikombe kidogo baada ya chakula, wala si kibuyu. Na atakaye kuiuza apate leseni kwanza.

Bibo huwa zito mara 5 hata 10 kuliko korosho yake. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilikusanya yapata tani 145,000 za korosho. Walimu na wawape watoto hesabu hiyo, wakadirie ni mabibo kiasi gani yaliyoanguka chini mwaka ule. Mengi yalioza, mengine yakawa uraka wa siku moja. Wazee wetu hawakukosa akili wala tunda. Walikosa chupa, sukari, na njia ya kungoja. Vitu hivyo leo vipo dukani, isipokuwa kungoja, ambako kila nyumba itajifunza yenyewe.