Mali ya Kenya ng'ambo na wadai wa tawala zilizopita

Mali ya dola ng'ambo ni majengo ya ubalozi, akaunti za benki, akiba ya Benki Kuu, ndege, meli, hisa na fedha ambazo serikali inawadai watu au kampuni nje ya mipaka yake. Mdai aliyeshinda kesi dhidi ya serikali huifuata mali hiyo huko iliko, kwa kuwa nyumbani mara nyingi amefungiwa mlango. Nchini Kenya, kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashauri ya Serikali kilitungwa ili mali ya serikali isipigwe mnada kwa ajili ya kulipa hukumu. Kwa hiyo mkazi wa Ruiru anayejiuliza kama Wachina wanaweza siku moja kuichukua barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa kilomita 50 hivi, iliyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Exim ya China na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, anatazama upande usio na hatari kubwa. Jaji wa London hana amri juu ya lami ya barabara hiyo huko Juja. Anayo juu ya fedha zilizolala katika benki ya London.

Utawala mpya hutamani kusema kwamba deni ni la waliotangulia. Sheria ya kimataifa haikubali hoja hiyo kwa urahisi: watawala hubadilika, dola ni ileile. Msingi wa mjadala ni uamuzi wa usuluhishi wa mwaka 1923 kati ya Uingereza na Costa Rica, uliotolewa na William Howard Taft, Jaji Mkuu wa Marekani. Federico Tinoco alikuwa amepindua serikali ya Costa Rica mwaka 1917, na alipokimbia mwaka 1919 warithi wake wakafuta mikataba yake. Taft alishikilia kwamba Tinoco alikuwa serikali halisi na matendo yake yaliifunga nchi. Hata hivyo Royal Bank of Canada, ambayo Uingereza iliitetea, ilikosa fedha ilizodai, maana ilijua zilikuwa zinaingia mikononi mwa mtawala aliyekuwa akijiandaa kuondoka, na wala si katika kazi ya umma. Wengi wanaoutaja uamuzi huo hukumbuka nusu ya pili na kuisahau ya kwanza. Msimamo wa makala hii ni kwamba nusu zote mbili husomwa pamoja: kubadilika kwa utawala peke yake hakulindi kitu. Kinacholinda ni ushahidi kuhusu namna deni lilivyozaliwa, na jina lililoandikwa kwenye hati ya mali inayowindwa.

Kenya imepitia mashauri mawili yanayoonyesha uzito wa ushahidi. La kwanza ni la kampuni ya World Duty Free, iliyopata mkataba mwaka 1989 wa kuendesha maduka yasiyotozwa ushuru katika viwanja vya ndege vya Nairobi na Mombasa. Mwaka 2000, Rais Daniel arap Moi akiwa bado madarakani, kampuni hiyo iliishtaki Kenya mbele ya kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia kinachoitwa ICSID. Katika maelezo yake yenyewe mdai alieleza kwamba dola milioni 2 zilitolewa kwa Rais ili mkataba upatikane. Uamuzi ulipotoka Oktoba 2006, enzi za Kibaki, wasuluhishi waliyatupa madai yote: mkataba ulionunuliwa kwa rushwa haupati msaada wa sheria. Hawakuificha karaha yao. Walisema inasumbua kuona dola ikijikinga kwa rushwa iliyopokelewa na mkuu wake mwenyewe, huku hakuna aliyemshtaki.

La pili ni Anglo Leasing, mikataba 18 ya vifaa vya usalama na huduma nyingine za serikali ambayo mingine ilitiwa saini enzi za Moi na mingine baada ya Kibaki kuingia Ikulu mwishoni mwa 2002. Hapo ndipo hoja ya utawala uliopita ilipoanza kuvuja, kwa kuwa utawala mpya ulikuwa umekwisha kutia mkono wake. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ya mwaka 2006 iliichambua mikataba hiyo kwa ukali, lakini ripoti ya ukaguzi si hukumu ya jinai. Kampuni mbili zenye mikataba hiyo, First Mercantile Securities na Universal Satspace, zilipata hukumu Ulaya, na Mei 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zilipwe takriban shilingi bilioni 1.4. Mwezi uliofuata Kenya iliuza hatifungani zake za kwanza za Eurobond, dola bilioni 2. Mashtaka ya jinai dhidi ya washukiwa yaliletwa mahakamani Nairobi Machi 2015. Mpangilio wa tarehe unajieleza: nchi ililipa kwanza, ikashtaki baadaye. Tena hakuna jengo la ubalozi lililohitaji kukamatwa. Nchi inayokwenda kukopa London haiwezi kubeba hukumu isiyolipwa kwenye waraka wake wa mauzo, na mdai anayelijua hilo husubiri tu.

Upande wa umiliki, somo linatoka kwa majirani. Miaka ya 1980, chini ya Rais Mobutu, kampuni ya Energoinvest ya Yugoslavia iliijengea Zaire, ambayo leo ni Kongo, miundombinu ya umeme bila kulipwa yote. Mobutu aliangushwa mwaka 1997. Hukumu za usuluhishi zilitoka 2003, na mwaka uliofuata deni likahamia kwa FG Hemisphere, kampuni ya Marekani ya aina inayonunua madeni yaliyochakaa. Kampuni hiyo iliwinda fedha ambazo China Railway ilikuwa iilipe Kongo kwa ajili ya mradi wa madini. Mshirika wa China Railway katika mradi huo alikuwa Sinohydro, ileile iliyojenga kipande cha barabara kutoka Chuo Kikuu cha Kenyatta kupitia Ruiru hadi Thika. Mwaka 2011 mahakama ya juu ya Hong Kong ilikataa, ikisema kinga ya dola huko ni kamili. Mwaka 2012 Baraza la Privy mjini London, katika rufaa kutoka Jersey, lilikataa pia kuitwika Gécamines, kampuni ya madini ya dola ya Kongo, deni la serikali. Linganisha na Tanzania: ndege zinazorushwa na Air Tanzania zimesajiliwa kama mali ya wakala wa serikali, na Agosti 2019 Airbus moja ilizuiwa Johannesburg kwa deni la shamba lililotaifishwa miaka ya 1980, kabla ya mahakama kuiachia Septemba. Kenya Airways ni kampuni yenye wanahisa wengine, na mdai wa serikali hawezi kuigusa kirahisi hivyo.

Wapo wanaosema Iraki inathibitisha kinyume. Kweli, Azimio 1483 la Baraza la Usalama, Mei 2003, liliyakinga mapato ya mafuta ya Iraki dhidi ya wadai wa Saddam Hussein, na kinga hiyo iliongezwa muda hadi 2011. Lakini ililetwa na dola zilizoivamia nchi hiyo. Hakuna serikali ya Afrika Mashariki iliyoingia kwa kura itakayopewa kinga kama hiyo. Wengine huonya kwamba kukataa deni lolote kutafukuza wakopeshaji wote. Uingereza ilijibu woga huo mwaka 2010 kwa sheria inayowabana wadai wa nchi zilizomo katika mpango wa msamaha wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na soko la London halikufungwa. Kenya haikuingizwa katika msamaha huo, kwa hiyo ngao inayowafaa Watanzania na Waganda haiifikii.

Inabaki kazi ya kusoma mikataba kabla ya saini. Mkopo wa reli ya SGR kutoka Benki ya Exim ya China, uliosainiwa 2014, uliondoa kinga ya dola ya Kenya isipokuwa kwa mali ya kijeshi na ya kidiplomasia, na kupeleka migogoro kwa wasuluhishi wa Beijing. Wakenya waliusoma Novemba 2022, baada ya serikali kubadilika, waziri wa uchukuzi alipouweka hadharani.