Batian na Nelion: Waliofunga Kamba na Waliobeba Mizigo

Msafara uliotoka Nairobi mwishoni mwa Julai 1899 kwenda kuupanda Mlima Kenya ulikuwa na watu wapatao 170. Wazungu walikuwa 6. Waswahili walikuwa 66, Wakikuyu 96, na Wamaasai wawili wa kuonyesha njia. Karibu wiki saba baadaye, watatu kati ya watu hao walisimama juu ya Batian, kilele kirefu kuliko vyote mlimani, mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Yeyote anayefuatilia historia ya kupanda miamba anawajua watatu hao: Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Oxford, na waongozaji wake wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Ollier na Brocherel walipewa hata heshima ya mito ya barafu ya mlima huo kuitwa kwa majina yao. Wale Waswahili 66 na Wakikuyu 96 wameingia kwenye historia kama hesabu tu.

Historia ya Batian na Nelion imesimuliwa mara nyingi na vizuri, lakini karibu kila mara imesimuliwa na aliyeshika kamba. Aliyebeba kamba hiyo mpaka mguuni pa mwamba hajapata zamu yake.

Anayeijua Kilimanjaro huenda akauliza kamba ni ya nini. Kilimanjaro ni mrefu zaidi, mita 5,895, lakini njia za kawaida za kwenda kilele chake, Uhuru, ni za miguu, na kinachomshinda mtu ni hewa nyembamba na baridi. Mlima Kenya una tabia nyingine. Ulikuwa volkano, na volkano hiyo ilipozimika, mamilioni ya miaka iliyopita, uji wa moto uliobaki kooni mwake uliganda ukawa jiwe gumu. Mvua, upepo na barafu vikala kuta za nje mpaka koo lenyewe likabaki limesimama wazi. Koo hilo ndilo Batian na mwenzake Nelion, mita 5,188, na kati yao upo mwanya mwembamba unaoitwa Lango la Ukungu. Kilele cha tatu, Lenana, mita 4,985, hufikiwa kwa kutembea, na ndiko wanakoishia wageni wengi. Vile viwili vinataka vidole, kamba, na mtu wa kuaminika upande wa pili wa kamba.

Majina hayo matatu ni ya Kimaasai. Mackinder aliyatoa kwa heshima ya Mbatian, laibon (kiongozi wa kiroho) mkuu, na jamaa zake, ingawa wanaoishi mguuni pa mlima ni Wakikuyu, Waembu na Wameru. Kwa Wakikuyu hapo ni Kirinyaga, makao ya Ngai, na wazee walisali wameelekea huko. Husemwa kwa wepesi kwamba wenyeji “hawakuwahi kuupanda”. Mtu hana sababu ya kwenda kukanyaga paa la nyumba ya anayemwomba mvua.

Kabla ya Mackinder walipita wengine. Teleki, msafiri wa Kihungari, alifika miteremko ya juu mwaka 1887. Mwanajiolojia J. W. Gregory alifika kwenye barafu mwaka 1893. Wote wawili walitembea na wapagazi kutoka pwani. Mackinder alikuwa na bahati ambayo hao hawakuwa nayo: reli ya Mombasa ilikuwa imefika Nairobi miezi michache kabla, ikamfupishia safari ndefu ya nyika.

Nchi aliyoikuta baada ya Nairobi ilikuwa na njaa. Ni ile njaa Wakikuyu waliyoiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa kuwa ilikuja pamoja na wageni. Ndui nayo ilikuwa ikiua. Msafara wa watu 170 unaotaka chakula kila siku, katikati ya watu wasio na akiba ya kuuza, ulikuwa balaa juu ya balaa. Wapagazi walitoroka. Waliotumwa kutafuta chakula walipambana na wenyeji, na wawili wakauawa. Ikabidi watu watumwe Naivasha kuomba msaada, huku wapandaji wakisubiri juu. Karatasi za msafara zilipokuja kuchambuliwa na wanahistoria, ikaonekana kumbukumbu nyingine: wapagazi wanane waliopigwa risasi kwa amri. Hilo halikuwamo katika taarifa ambayo Mackinder aliwasomea wanajiografia wa London. Mimi naamini hakuna simulizi la siku ile ya kilele, Septemba 13, 1899, linaloweza kuitwa kamili kama halina wanane hao.

Upandaji wenyewe ulikuwa wa ustadi mkubwa, na haki ya Ollier na Brocherel haipunguzwi na yaliyotokea chini. Walijaribu mwishoni mwa Agosti wakashindwa. Septemba 12 wakarudi, wakalala wamejibanza mwambani, na asubuhi wakavuka mto mdogo wa barafu unaoning'inia kati ya vilele viwili. Barafu ile ilikuwa ngumu kiasi kwamba kila hatua ilichongwa kwa shoka, na kuvuka kukachukua takriban saa tatu. Mackinder akaiita Diamond, almasi. Adhuhuri walikuwa Batian.

Kisha karibu miaka 30 ikapita pasipo mtu kukifikia tena kilele hicho. Januari 1929 kijana wa miaka 21, Eric Shipton, aliyekuwa akijifunza kilimo Nyeri, akaungana na Percy Wyn-Harris, ofisa wa serikali ya kikoloni. Walipanda Nelion kwa upande wa kusini-mashariki, wa kwanza kufika juu yake, wakavuka Lango la Ukungu mpaka Batian. Njia yao ndiyo inayotumika zaidi hadi leo. Mwaka 1930 Shipton alirudi na mkulima mwingine, Bill Tilman wa Kericho, wakapanda kigongo cha magharibi, kazi ambayo wapandaji wa sasa, wenye viatu vya mpira laini na vyuma vya kubana kwenye nyufa, bado wanaiheshimu. Wawili hao walitoka hapo wakawa vigogo wa Himalaya. Wyn-Harris naye, mwaka 1933, ndiye aliyeliokota juu Everest shoka la barafu linaloaminika kuwa la Andrew Irvine, aliyepotea huko mwaka 1924.

Tilman anastahili kusimamishwa kidogo, kwa sababu ya baiskeli. Alipoamua kuondoka Kenya mwaka 1933, hakupanda meli Mombasa. Alinunua baiskeli ya kawaida kwa pauni 6, akaanzia Uganda, akakata Kongo na misitu ya Afrika ya Kati mpaka akaiona Atlantiki Kamerun. Baiskeli za mlimani, zenye magurudumu manene, gia nyingi na breki za kuaminika, zilibuniwa na vijana wa Marin County, California, katika miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 1980 binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, wakazipandisha Kilimanjaro, wakiendesha panapoendesheka na kuzibeba mabegani pasipoendesheka. Tilman alikwisha kuwaonyesha, nusu karne kabla, kwamba kupenda mwamba na kupenda njia mbaya kwa magurudumu mawili vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja.

Vita vya pili vya dunia vilileta Nanyuki kambi ya wafungwa wa Kiitaliano, na kambi hiyo ikazaa safari ya ajabu kuliko zote. Felice Benuzzi aliuona mlima siku moja mawingu yalipofunguka, na hakupata usingizi tena. Yeye na wenzake, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitumia miezi kutengeneza vifaa kwa takataka za kambi. Nyundo zikawa mashoka ya barafu. Vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya buti. Kamba za mkonge za vitandani zikawa kamba za kupandia. Ramani yao ilikuwa picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama. Walitoroka Januari 24, 1943. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana wakasimika bendera ya Italia, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao, wakafungwa peke yao seli za adhabu. Kitabu cha Benuzzi kimesomwa dunia nzima, na kinastahili. Nikikisoma huwa nawaza kwamba huenda hawa ndio wapandaji wa kwanza mlimani humo waliojibebea kila kitu wenyewe, na ndiyo maana Benuzzi anajua uzito wa kila kilo anayoitaja.

Desemba 1963 Lenana ilipata bendera nyingine. Usiku wa uhuru Kisoi Munyao alikuwa mlimani, na Desemba 12 bendera ya Kenya ikapepea kwenye theluji, picha ambayo Wakenya wengi wanaijua hata kama hawakuwahi kuliweka jina la mtu chini yake. Alifariki mwaka 2007.

Mwaka 1970 ulikuwa mzito. Ian Howell aliamua kujenga kibanda juu kabisa ya Nelion. Mabati na mbao vilidondoshwa kwa ndege kwenye mto wa barafu uitwao Lewis, naye akapanda Nelion mara 13 peke yake, mzigo baada ya mzigo, mpaka kikasimama. Wapandaji wanaokwama na giza huko juu bado hulala humo. Septemba ya mwaka huohuo daktari kijana wa Austria, Gerd Judmaier, alivunjika mguu vibaya karibu na kilele cha Batian. Mwenzake Oswald Oelz alimhudumia mwambani. Ilichukua zaidi ya wiki moja kumteremsha akiwa hai, kwa kazi ya wapandaji wa Kenya na timu iliyoruka kutoka Austria. Rubani Mmarekani Jim Hastings alikufa helikopta yake ilipoanguka katika juhudi hizo. Baadaye kwa msaada wa Austria ilijengwa nyumba ya wapandaji katika mita 4,790, ambayo hadi leo ndiyo kituo cha mwisho kabla ya kuianza Nelion.

Halafu ikaja Oktoba 1973. Upande wa kusini wa mlima, chini ya ile barafu ya almasi, ulishuka mkanda mwembamba wa barafu, wima, umebanwa kati ya kuta mbili za jiwe. Wapandaji wanauita Diamond Couloir. Wengi walikuwa wameutazama wakaondoka. Waliofika juu ya korongo hilo wa kwanza ni Phil Snyder, mkuu wa hifadhi wa wakati huo, na Thumbi Mathenge, Mkenya. Miaka miwili baadaye Wamarekani Yvon Chouinard na Michael Covington wakapita humo kwa njia iliyonyooka zaidi, na korongo likawa miongoni mwa njia za barafu zinazotajwa sana duniani.

Katika kamba ya watu wawili hakuna mzigo wa mmoja. Anayetangulia hupiga shoka huku mwenzake akiwa amejifunga barafuni, macho juu, mikono kwenye kamba. Akiteleza mmoja, maisha yake yamo katika viganja vya mwingine. Mathenge alikuwa kwenye ncha ya kamba ile, juu ya barafu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipita. Kwangu mimi hiyo ndiyo tarehe ya pili kwa ukubwa katika historia ya mlima huu, na nimekutana na Wakenya wachache mno wanaoijua.

Leo korongo lenyewe limebaki karibu jiwe tupu, na miaka inayopandika kwa barafu imekuwa adimu. Mito ya barafu ya Mlima Kenya imepoteza sehemu kubwa mno ya ukubwa wake tangu siku za Mackinder. Ile inayoitwa César na Joseph imesinyaa hadi kuwa mabaka. Wapandaji sasa hufuata jua na jiwe. Kwa kuwa mlima umekaa karibu juu ya ikweta, uso wa kaskazini hukauka kati ya Julai na Septemba na wa kusini kati ya Desemba na Machi, hivyo kila msimu mkavu upo upande unaosubiri wapandaji.

Na vijana wanakuja. Wa Nairobi hujifunza kufunga mafundo kwenye miamba ya Lukenya, au Hell's Gate karibu na Naivasha, hifadhi tangu 1984, ambako wageni hukodi baiskeli langoni na kupita katikati ya pundamilia, huku juu yao watu wakining'inia kwenye nguzo ya mwamba iliyopewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapo mwaka 1883. Naro Moru, Nanyuki na Chogoria wapo waongozaji wa Kenya wanaowapandisha wageni Nelion msimu baada ya msimu, wakitangulia mbele ya kamba.

Katika vijiji hivyohivyo wapo pia wazee waliobeba mizigo miaka ya 1960 na 1970, na wanazidi kupungua. Kwenye ramani za mlima ninazozijua nimeona bonde la Teleki, la Mackinder, la Hausburg, kambi ya Shipton, kibanda cha Howell. Sijaona mahali pa Thumbi Mathenge, wala pa mpagazi hata mmoja. Atakayeandika mwongozo mpya wa njia za Batian na Nelion aanze kwa kuwatembelea wazee hao na daftari. Awaulize nani alipandisha mbao za vibanda vya bondeni, nani alibeba machela mwaka 1970, walilipwa kiasi gani, walivaa viatu gani, na wenzao waliobaki mlimani walikuwa wana wa nani.